Namna ya Kutawala Japani Bila Kukalia Kiti

Kwanza, zaliwa kwa wakati. Usizaliwe enzi za Jomon: zaidi ya miaka elfu kumi ya kuwinda, kuvua na kufinyanga vyungu, na hakuna kiti cha kugombea. Enzi za Yayoi zina nafuu. Mpunga umefika, na penye ghala hakosekani anayejiita mkubwa. Enzi za Kofun wakubwa hao walizikwa chini ya vilima, kile cha Daisen kikiwa na urefu wa mita 486 hivi. Lakini wewe hutafuti kaburi. Subiri Asuka.

Mwaka 645, mfuate Nakatomi no Kamatari: shirikiana na mwana wa malkia, mkamuue Soga no Iruka palepale ikulu, mama mtu akitazama. Kisha yaiteni mageuzi. Kamatari alitunukiwa jina la Fujiwara mwaka 669, akiwa mahututi. Baada ya hapo weka upanga. Sasa kinachotakiwa ni mabinti.

Mwanawe, Fuhito, alisaidia kutunga sheria za Taiho za mwaka 701, ila ustadi wake hasa ulikuwa kuoza. Binti mmoja aliolewa na Mfalme Monmu, akamzaa Shomu. Shomu alipokua, babu huyohuyo akampa binti mwingine. Kama unashangaa kijana kumuoa mama yake mdogo, siasa hizi huziwezi.

Zaa wengi, maana ndui haiulizi ukoo: mwaka 737 iliwamaliza wana wanne wa Fuhito.

Mji mkuu ulipohamia Heian mwaka 794, fani ilikomaa. Mtoto alilelewa kwao mama yake, yaani kwako wewe, babu mzaa mama. Mtawaze angali mdogo, umshikie madaraka. Seiwa alitawazwa mwaka 858 akiwa na miaka minane. Kazi akaifanya babu yake, Yoshifusa. Mfalme asiyekufaa mhimize ibada. Mwaka 986 Kazan alilaghaiwa akanyoa kichwa, akawa mtawa, na mrithi wake, kwa bahati tu, akawa mjukuu wa Fujiwara no Kaneie.

Bingwa wao, Michinaga, alipata wajukuu watatu wafalme. Mwanawe Yorimichi naye aliingiza mabinti ikulu, lakini hawakumpatia mrithi. Mwaka 1068 akatawazwa Go-Sanjo, mtu mzima, mama yake binti wa mfalme, si wa Fujiwara. Hapo mwongozo huu hauna dawa.