Viumbe wa Ruzuku: Uainishaji wa Awali wa Vifaa vya Polisi wa Miji ya Marekani

1. Makazi

Viumbe wanaochunguzwa hapa huzaliwa Washington, katika ruzuku ya Wizara ya Sheria iitwayo Edward Byrne Memorial Justice Assistance Grant, au JAG kwa kifupi. Jina hilo halina mzaha: Byrne alikuwa polisi wa New York mwenye umri wa miaka 22, aliyepigwa risasi Februari 1988 akiwa ndani ya gari lake, akilinda nyumba ya shahidi wa kesi ya dawa za kulevya. Mzaha unaanzia kwenye hesabu. Fungu la kila jimbo hukokotolewa nusu kwa idadi ya watu, nusu kwa uhalifu wa kutumia nguvu. Kati ya fungu hilo, asilimia 60 ni ya serikali ya jimbo na asilimia 40 huteremka kwa miji na kaunti. Mji ambao hesabu yake haikufika dola 10,000 hauoni hata senti inayoujia moja kwa moja. Chake hubaki jimboni.

2. Uzazi

Kiumbe wa ruzuku ya pamoja huhitaji wazazi wawili ambao hawakuchaguana. Mji ndio unaoandikisha uhalifu, kwa hiyo fungu nono ni lake. Kaunti ndiyo yenye jela na waendesha mashtaka, kwa hiyo gharama ni zake. Sheria ililiona hilo: kaunti ikibeba zaidi ya nusu ya gharama za kushtaki au kufunga watu kwa uhalifu wa mjini, na fungu la mji likizidi asilimia 150 ya lile la kaunti, basi wawili hao wataomba pamoja au wakose pamoja. Posa yao huitwa hati ya makubaliano. Angalau siku 30 kabla ya maombi kupelekwa, baraza huletewa waraka na wananchi hupewa nafasi ya kusema. Kwa kawaida viti vya wananchi hukaa kwa nidhamu kubwa, maana havina watu.

3. Spishi

(a) Fulana ya kuzuia risasi. Mpole, mwenye faida isiyo na ubishi. Haingii katika mji usio na sera ya maandishi inayowalazimisha polisi wa doria kumvaa. Inaelekea aliwahi kununuliwa akaachwa kabatini. Watengenezaji humdhamini takriban miaka mitano, kisha hustaafu bila sherehe.

(b) Redio ya mawasiliano. Mnyama wa kundi. Akiwa peke yake ni tofali lenye mkonga. Ndiye pekee ambaye kwa maumbile ni wa pamoja, kwani faida yake yote ni askari wa mji kumsikia askari wa sherifu wa kaunti. Wazazi wakinunua aina mbili zisizosikilizana, ruzuku imezaa mapacha viziwi.

(c) Kamera ya kifuani. Mdogo kwa umbo, mkubwa kwa tumbo. Bei yake huwatuliza madiwani. Baadaye hudai hifadhi ya video kila mwaka, na karani wa kuficha nyuso kabla ya picha kutolewa kwa wanaoziomba.

(d) Gari la deraya. JAG humwekea vizuizi, hivyo hupitia kwa mashangazi: ruzuku za Usalama wa Ndani, au mpango wa 1033 unaogawa vifaa vilivyolizidi jeshi. Mwaka 2012 mji wa Keene, New Hampshire, wenye watu wapatao 23,000, ulipatiwa gari la deraya la karibu dola 286,000; ombi lake lilitaja tamasha la maboga. Baada ya maandamano ya mji wa Ferguson mwaka 2014, Rais Obama alimpunguzia malisho. Mwaka 2017 Rais Trump akamfungulia zizi.

(e) Binadamu. Sheria inamruhusu kabisa: mshahara, mafunzo, kuzuia uhalifu, hata tiba ya uraibu. Hata hivyo mkuu wa polisi humkwepa, kwa sababu ruzuku ina mwisho na binadamu ana watoto shuleni.

4. Kanuni Kuu

Kutokana na ushahidi huu tunapendekeza kanuni moja: kifaa hufanana zaidi na pesa iliyokinunua kuliko uhalifu uliotajwa kwenye ombi. Pesa inayokuja mara moja huzaa kitu kinachonunuliwa mara moja. Zaidi ya hapo, ruzuku imekatazwa kuziba pengo la pesa ambayo mji ungeitoa wenyewe. Basi hitaji la kila siku lililomo kwenye bajeti halistahili, na jipya ambalo jana hakuna aliyelilia linastahili. Uhalifu huingia mwanzoni, kama namba ya kukokotolea. Ukishamaliza kuzidisha, hauulizwi tena unaogopa nini.

5. Mwongozo kwa mtafiti wa nyanjani

Darubini haihitajiki. Keti kwenye kimoja cha vile viti vitupu, subiri zamu yako, kisha uliza swali moja: ruzuku ikiisha, huyu atalishwa na nani? Mji ukiitazama kaunti, na kaunti ikautazama mji, andika kwenye daftari: spishi ya pamoja, mzazi hajulikani.