Namna ya Kuipunguza Kodi Bila Kusema Uongo

Sogea karibu, ndugu yangu mwenye duka hapo Kalinzi, Kigoma. Kuna njia ya mkato ya kulipa kodi kidogo, tena imo ndani ya sheria yenyewe.

Kwanza, majigambo yaache kijiweni. Pale jisifu tu kwamba hakuna duka linalokufikia mpaka Mwandiga. Hakuna atakayekudai risiti. Ila ukifika stesheneri kujaza makadirio ya kodi mtandaoni na kijana akauliza, “Mzee, mauzo ya mwaka tuandike ngapi?”, usimtajie namba ya kijiweni, wala ile ya kutia huruma.

Pili, jua unachoulizwa. Ni mauzo ghafi: fedha yote uliyouza, kabla hujatoa nauli, pango na bei ya dagaa uliowafuata Kibirizi. Faida haiulizwi hapo.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu: nunua daftari. Kila jioni kabla ya kufunga andika tarehe, ulichouza na ulichopata. Kwa viwango vya mfanyabiashara mdogo vilivyowekwa 2019, mauzo ya milioni 5 bila kumbukumbu yanakugharimu 100,000. Ukiwa na kumbukumbu, unalipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Kwa milioni 8, asiye na daftari analipa 250,000, mwenye nalo 120,000. Yule anayejisifu kuwa hesabu zote ziko kichwani analipia sifa hiyo kila mwaka, na inaniuma kumwona.

Mwaka jana hukuandika? Omba taarifa ya miamala ya simu. Kwa kalamu nyekundu kata michango ya harusi na hela aliyokutumia shemeji wa Ujiji. Hayo si mauzo. Mauzo ya fedha taslimu yakadirie kwa risiti za mzigo ulionunua. Hesabu hiyo haitalingana na daftari, lakini utakuwa na namba unayoweza kuitetea mbele ya ofisa wa kodi.

Usichukue mwezi mmoja ukazidisha mara 12! Kalinzi fedha inafuata kahawa: wakulima wakilipwa duka linajaa, kisha miezi mingine unauza chumvi na viberiti.

Makadirio yawahi 31 Machi. Kodi inalipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Biashara ikidorora katikati ya mwaka, nenda ukaombe yarekebishwe kabla awamu inayofuata haijafika. Na nywila ya akaunti yako ya kodi andika mwenyewe; kijana wa stesheneri atazame dirishani.