Osiloskopu ya Kuzikwa Nayo

Yupo fundi wa nyumbani anayechagua osiloskopu kama mtu anayeposa. Anapeleleza ukoo mzima, anakesha akilinganisha majedwali, kisha anatangaza kwamba anataka ya kudumu maisha yake yote, na isipungue megahezi 500.

Kazi yenyewe? Amplifaya inayovuma. Sauti anayosikia binadamu haivuki kilohezi 20, na mvumo unaoletwa na umeme wa nyumbani ni wa hezi 50 au 100.

Kanuni ya mafundi haina makuu: chukua masafa ya juu kabisa unayopima, zidisha kwa 5. Hata akiacha amplifaya akapima bodi ya Arduino Uno, hiyo hupiga megahezi 16, kwa hiyo chombo cha megahezi 100 kinamtosha na chenji inabaki.

Bwana mkubwa ameuza shamba akanunua, lakini swichi ndogo ya probu ameiacha kwenye 1X badala ya 10X. Hapo uwezo wote unashuka hadi megahezi chache.

Tektronix 465 za miaka ya 1970, megahezi 100 zilezile, bado zinafanya kazi mezani kwa watu. Mwenye amplifaya mbovu anunue osiloskopu ya kiasi hicho, kisha atengeneze amplifaya yake.