Namna ya Kung'arisha Sufuria Mpaka Laela Yote Ijue

Kabla hujagusa sufuria, tafuta watazamaji. Kusugua vyombo jikoni penye giza, mlango umefungwa, ni sawa na kwenda kazini na kusahau kusaini daftari la mahudhurio. Kichanja chako kijenge upande unaoonekana njiani, kisijifiche nyuma ya nyumba. Hapa Laela, mkoani Rukwa, tuna bahati ambayo vijiji vya ndani havina: barabara kuu ya Tunduma kwenda Sumbawanga inapita kwetu, na tangu iwekwe lami hakuna tena kisingizio kwamba basi limepita na vumbi lake likatua juu ya vyombo. Abiria nao wana macho.

Sufuria zipangwe kifudifudi, kitako kikitazama mbingu. Kama ndani bado pana ugali wa jana umegandamana, hayo ni mambo ya familia. Kitako ni mali ya umma. Wifi akija kusalimia hatafunua mfuniko. Atasimama karibu na kichanja, atasema "mmeamkaje humu ndani," na macho yake yatakuwa yameshamaliza kazi.

Sasa tuzungumzie adui. Masizi ni moshi ulioshindwa kuungua ukaamua kukaa. Kuni kavu huacha unga mweusi ambao kitambaa chenye maji kinaweza kuuondoa. Kuni mbichi, hasa zile za masika zilizonyeshewa tangu Novemba, huacha kitu kingine kabisa: utando mzito unaong'aa kama lami, na ukishapoa unashika kitako kama deni la duka. Kwa hiyo njia bora ya kuzuia masizi ni kukausha kuni mapema, kiangazi, na kuzipanga mahali pasipovuja. Najua hutafanya hivyo. Uwanda wa Ufipa una majani mengi kuliko miti, kuni zinatoka mbali, na zikifika jioni zinaingia motoni usiku uleule. Basi tuendelee na njia za watu wa kawaida.

Kabla ya kuinjika, paka kitako na ubavu wa sufuria sabuni ya kipande iliyoloweshwa kidogo. Kama sabuni ni ya kufulia sare za shule na mwenye nyumba anaihesabu, tumia majivu yaliyokorogwa na maji mpaka yawe uji mzito, au udongo laini. Masizi yatakaa juu ya koti hilo badala ya kushika bati, na ukimaliza kupika utaosha koti pamoja na mgeni wake. Inafanya kazi kweli. Ubaya wake ni mmoja: inaondoa sababu ya kusugua kwa saa nzima uani huku ukiguna kwa sauti, na mtu asiyeguna nani atajua kwamba amechoka?

Wenye kutaka kuguna watahitaji silaha. Waya wa kusugulia upo dukani, lakini mwenyeji wa Rukwa anayenunua kila kitu dukani wakati mahindi yamejaa ghalani anastahili kuulizwa maswali. Gunzi lipo. Gunzi lilelile linalowasha moto na kuleta masizi ndilo, likichovywa kwenye majivu, huyatoa. Sijui chombo kingine kinacholipwa mara mbili kwa kosa lake mwenyewe. Majivu yenyewe usiyadharau. Maji yaliyopita kwenye majivu yanakuwa na ukali wa kigadi, na yakikutana na mafuta yaliyobaki kwenye sufuria yanageuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni palepale. Chekecha kwanza kuondoa vipande vya mkaa, la sivyo utachora ramani ya wilaya kwenye kitako.

Na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Sufuria zetu ni za alumini, metali laini. Kila ukisugua kwa mchanga wa mtoni unaondoa masizi na sufuria kidogo, na mikwaruzo uliyoiacha ndimo masizi ya kesho yatakamojishika vizuri zaidi. Ukiwa na bidii ya kutosha, miaka michache baadaye utakuwa na sufuria safi kuliko zote mtaani, na jua litakuwa linapenya katikati yake. Usihuzunike. Mafundi wa kuziba wapo.

Ndani ya sufuria kuna siasa nyingine. Umepika maharage, ukatia magadi ili yaive haraka, ukakuta sufuria imekuwa nyeusi ndani na wala haikuungua. Usimlaumu jirani, ingawa kwa sifa za uchawi za mkoa wetu najua jina lake limeshakujia. Ni magadi. Alumini hujifunika ngozi nyembamba inayoilinda, na vitu vya kigadi huila ngozi hiyo na kuacha weusi. Dawa yake ni uchachu: chemsha maji yenye ukwaju, maganda ya limao au nyanya zilizopondeka ambazo hakuna aliyezinunua gulioni, acha yatokote, kisha mwaga. Weusi utapungua bila gunzi wala jasho. Usiache uchachu huo ulale humo usiku kucha, maana nao unaila alumini. Na kwa sababu hiyohiyo, ukoko ulioungua usiulainishe kwa magadi. Utatoa ukoko na kuleta weusi. Loweka kwa maji ya moto, funika, subiri. Au ita watoto. Ukoko wa ugali ambao haujaungua sana haujawahi kulala salama penye watoto, na kijiko cha mtoto mwenye njaa hufika pembeni ambako gunzi halifiki.

Lazima sasa niseme jambo ambalo litanigombanisha na akina mama wakwe. Kitako kinachometameta kinarudisha sehemu ya joto la moto kule lilikotoka. Kitako cheusi kinalimeza. Masizi yakiwa mazito mno yanakuwa blanketi, hayo yatolewe. Lakini weusi mwembamba, mkavu, usiochafua mikono, unakusaidia kuchemsha maji. Maana yake, mama anayesugua mpaka kitako kiwe kioo anarudi porini kutafuta kuni za kupashia kioo. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru ya udongo marefu kumzidi mtu yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na mabaki yake bado yapo uwandani huku. Sijawahi kusikia kwamba mtu yeyote aliwahi kuyasugua masizi ili shemeji akipita aone. Chungu nacho kipo kwenye figa kikiwa cheusi maisha yake yote, maharage yake yanasifiwa, na hakuna anayekiuliza mbona hakijaoga.

Serikali imeandaa suluhisho la kudumu. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Gesi ikiwaka vizuri haina masizi. Ni habari njema kwa mapafu na kwa macho ya akina mama, wala hilo si la kufanyia mzaha. Ila mtungi ukiisha mwezi haujaisha, gunzi litakuwa bado lipo pale ghalani, halidai hela ya kujaza. Kwa hiyo kichanja usikibomoe.

Limebaki suala la sufuria kubwa ya shughuli. Msiba ukitokea wataiazima, na huwezi kukataa. Andika jina kwa rangi ya mafuta kwenye ubavu, karibu na mkono, si kwenye kitako ambako moto utalisoma peke yake na kulifuta. Itakaa juu ya magogo siku tatu, itapikiwa wali na kijana ambaye hajawahi kuosha hata kikombe, na itarudishwa usiku na mtoto atakayeiacha mlangoni na kukimbia. Usiisugue mara moja. Iweke kwenye kichanja ilivyo, nyeusi tititi, siku mbili au tatu, ili kila anayepita aone ni sufuria ya nani iliyolisha waombolezaji. Mfuniko uliorudi nao si wako. Wako uko nyumba ya pili kutoka kwa wafiwa, umefunika ndoo ya maji, na wa kwao uko kwako.