Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: Tunaomba Mwandishi Amalize

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kutoka Rongai, hii yetu ya Nakuru, si ile ya Kajiado ambayo watu hutuchanganya nayo. Najua majukumu yako ni mazito. Niwie radhi kwa kukukatiza.

Mimi ni fundi wa nguo. Redio yangu hukaa kwenye rafu ya vitambaa na haijawahi kuhama stesheni yako. Majuzi usiku, nikimalizia sare za shule, mtangazaji wako, Mungu ambariki, aliweka kibao kinachofungua *Mwandishi*, albamu ya Herbie Hancock ya mwaka 1971, ya kwanza kwa kundi lile la watu sita. Besi ya Buster Williams inarudia neno lile lile, mapigo 15 kila mzunguko. Mguu wangu ulijikwaa mara mbili kwenye pedali ya cherehani, kisha ukaelewa. Juu yake kinanda cha umeme kinapitishwa kwenye mashine ya mwangwi, noti moja inakwenda na kurudi imebadilika sura. Tarumbeta ya Eddie Henderson ikaanza kupapasa njia. Hapo hapo, Mheshimiwa, likaingia tangazo la mbolea, na kibao hakikurudi.

Wimbo wenye kiitikio ukikatwa, msikilizaji humalizia mwenyewe. Jazi ya namna hii haimaliziki hivyo. Mpigaji anatunga palepale, kama malenga kwenye kujibizana. Anachosema dakika ya tisa amekianza dakika ya nne. Kibao kile kina dakika 13, na sisi tulipewa mlango tu.

Halafu, Mheshimiwa, hawa ni watu waliotubishia hodi kwa lugha yetu. Mwanamuziki James Mtume ndiye aliyewapa majina. Hancock akawa Mwandishi, Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto. Bennie Maupin akawa Mwile, ambalo sisi tungeliandika vingine, lakini nalipenda vivyo hivyo. Henderson aliitwa Mganga, na kweli alisomea udaktari. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakitafuta nyumbani, na hawa wakachagua Kiswahili. Iweje redio ya Kiswahili ndiyo iwakate kauli?

Ombi langu ni usiku mmoja tu, baada ya taarifa ya habari ya saa nne: albamu nzima, vibao vyote vitatu, kama dakika 45, bila kukatizwa. Ikiwa kuna hasara ya matangazo, nitalipia tangazo moja la duka langu, lisomwe kabla ya noti ya kwanza. Nikijulishwa siku, nitawaambia majirani waje na viti.

Wako mtiifu,
Fundi wa nguo, Rongai, Nakuru