Chotara Mezani

Wapo wanywaji ambao wakisikia mvinyo umetoka kwa zabibu chotara hukunja pua kabla kizibo hakijang'oka. Baco Noir, mvinyo mwekundu wa Ontario, Kanada, umeyazoea hayo. Zabibu yake ilizalishwa mwaka 1902 na François Baco, mwalimu wa shule kusini-magharibi mwa Ufaransa, aliyeifungisha ndoa Folle Blanche, binti wa ukoo wa zabibu za Ulaya, na mzabibu wa mwitu wa Marekani. Ukoo haujasamehe.

Ajabu ni kwamba mizabibu mingi ya Ulaya yenye majina makubwa imepandikizwa juu ya mizizi ya Kimarekani, tangu mdudu filoksera alipoimaliza ile ya asili katika karne ya 19. Chini ya udongo damu ya mgeni ni dawa; juu ya meza ni aibu. Na chotara mwingine wa mwalimu huyohuyo, mweupe, bado huchemshwa kuwa brandi ya Armagnac, wala hakuna anayekunja pua. Labda akipita motoni, nasaba husahaulika.

Tuje kwenye chakula. Baco Noir ni mchachu, una tanini chache na harufu ya matunda meusi, mara nyingine na moshi. Uchachu huo hukata mafuta barabara. Mtaalamu atakushauri bata kwa mchuzi wa cheri, maana bata ana heshima zake. Wewe chukua mbavu za nguruwe za kuchoma, zilizopakwa mchuzi mtamu wa nyanya, upoze chupa kidogo, na mtaalamu umwachie bata wake.