Jelatini Haijaizoea Dar

Mume wangu hataki picha za simu. Hataki hata za studio ya pale stendi. Anataka picha ya kaboni kwa njia ya Joseph Swan, Mwingereza aliyeipatia hataza mwaka 1864: masizi yanachanganywa na jelatini, inapakwa karatasi, na picha inayotoka haipauki. Sawa, isipauke. Lakini jiko ni langu.

Kwanza jelatini yenyewe inatoka kwenye ngozi na mifupa. Nikauliza: ya ng'ombe au ya nguruwe? Akakohoa. Sikuigusa sufuria ile mpaka alipoleta pakiti nyingine, yenye maandishi ya halali.

Halafu mapishi. Jelatini inalowekwa maji baridi mpaka ivimbe, kisha sufuria yake inakalishwa ndani ya maji moto, nyuzi 45 au 50 hivi, kwani ikichemka inapoteza nguvu ya kuganda. Anatia sukari ili karatasi isikakamae ikikauka, anatia wino wa masizi, kisha ananiamuru nikoroge polepole nisilete mapovu. Povu likibaki, anasema, mtu pichani atatoka na tundu shavuni. Mimi ninayesonga ugali wa msiba mzima, leo nafundishwa kushika mwiko!

Mchanganyiko unamiminwa juu ya karatasi iliyolazwa kwenye kioo, kioo kimesawazishwa kwa pima maji ya fundi ujenzi. Hapo sasa inatakiwa igande. Swan alifanyia kazi Newcastle, kwenye baridi ya bure. Sisi tuko Dar, mwezi wa pili, feni inatuhamishia joto kutoka kona hii kwenda ile. Jelatini imelala pale kama uji wa mgonjwa. Sisimizi wameshapata habari za sukari, wamekuja na ukoo wao. Bwana anakimbilia friji atoe barafu aiweke chini ya kioo. Umeme unakatika.

Na hiyo ni karatasi tu. Bado haijatiwa dikromati ili ishike mwanga, na dikromati ni sumu inayosababisha saratani. Hapo nimekataa katakata.

Wenzangu wenye waume wa namna hii, msingoje kuombwa ruhusa. Mnunulieni sufuria yake, mwiko wake na glavu zake, mumtafutie na banda la uani. Na vyombo hivyo visiingie tena jikoni, hata siku wageni wakizidi masufuria.